Kuandika wasifu wa wachezaji chipukizi: hatua tunazofuata kwenye uwanja wetu wa vumbi Dodoma

Ukipita viwanja vya mitaani Dodoma jioni, Chang'ombe, Nkuhungu, Ipagala mpaka kule Ihumwa, utawakuta vijana wanacheza hadi giza linaumeza mpira. Mwulize kocha habari za mmoja wao, atakwambia, "Huyu dogo ni moto." Mwulize tena: amezaliwa lini? Mguu wake ni upi? Mwaka jana alicheza namba ngapi, na aliumia wapi? Hapo maneno yanaisha.

Nami nilikuwa kocha wa namna hiyo. Siku moja mwalimu wa michezo wa shule ya mkoa mwingine alitazama mechi yetu, akampenda winga wetu wa kushoto, akasema kuna nafasi ya kusoma na kucheza. Akaomba karatasi zake zimfikie kabla ya Ijumaa. Sikuwa na kitu. Cheti cha kuzaliwa hakikuonekana, picha hatukuwa nayo, na hata mwaka aliojiunga nasi niliubahatisha. Nafasi ikaenda kwa mtoto mwingine. Kijana hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo kila mchezaji wetu, awe wa kikosi cha kwanza au wa benchi, ana wasifu. Ninaeleza hapa tunavyouandaa, ili kocha mwenzangu asipitie nilikopita. Kanuni yetu ni moja: andika ulichokiona au kukipima, weka tarehe, ishia hapo.

Vifaa ni vya kawaida. Daftari la kaunta, kalamu ya wino, futi kamba, mizani ya kuazima zahanati au kwa mtu mwenye nayo, simu yenye saa ya kuhesabia sekunde, na bahasha ya kaki kwa kila mchezaji. Kompyuta ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo, daftari linatosha.

Hatua ya 1: Nenda nyumbani kwa mtoto

Usianze uwanjani. Mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na taarifa zake hazikusanywi kwa kumwita pembeni baada ya mazoezi. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ofisi za Tume inayoisimamia ziko hapa hapa Dodoma. Mzazi au mlezi lazima ajue unaandika nini, utakitunza wapi na utampa nani.

Mimi huenda jioni, na timu meneja wetu ambaye ni mama mtu mzima, kwa sababu tuna wasichana pia na kuna maswali ambayo mzazi humjibu mwanamke mwenzake kwa raha zaidi. Ukifika kwa wazee wa Kigogo, ile "mbukwenyi" yako ya mlangoni inafungua mengi. Kaa, eleza, usiharakishe. Nasema hivi: "Mama, tunataka kumwandikia kijana wako kumbukumbu zake za mpira, urefu, namba anayocheza, maendeleo yake. Hatutampa mtu yeyote bila wewe kujua." Kisha anasaini, au anaweka dole gumba, kwenye karatasi fupi iliyoandikwa Kiswahili cha kawaida. Ukurasa mmoja tu. Mzazi akikataa picha lakini akakubali mengine, heshimu hivyo hivyo.

Safari hii pia inakufundisha kitu ambacho uwanja hauwezi kukufundisha. Nimewahi kumwona mvivu kijana ambaye kumbe kila asubuhi anasomba maji kwa baiskeli kabla ya shule.

Hatua ya 2: Umri, na usimsaidie mtu kudanganya

Hapa ndipo wasifu mwingi wa timu zetu unapooza. Vijeba, wale waliozidi umri, tunawajua, na makocha wanaowashusha umri tunawajua. Mtoto wa miaka 17 ukimwandika 14 atawapiga chenga wa miaka 14 kweli, utachukua kombe la mbuzi, kisha miaka miwili baadaye kila mtu atashangaa amedumaa. Na ukweli una njia ya kurudi. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Siku hizi mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ya chini ya miaka 17 yana kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, cha mfupa wa kifundo cha mkono, na mfupa huo hausomi cheti.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba cheti cha kuzaliwa, kisome mwenyewe, nakili namba na tarehe kama zilivyo, kisha mrudishie mzazi palepale. Usikae na cheti halisi hata kwa usiku mmoja. Piga picha ya nakala kwa ruhusa, basi.

Cheti kisipokuwepo, na kwa watoto waliozaliwa vijijini Bahi, Chemba au Mpwapwa jambo hili si la ajabu, tafuta kadi ya kliniki. Ile kadi ya makuzi ndiyo shahidi bora baada ya cheti, kwa kuwa iliandikwa mtoto akiwa mchanga, kabla hajawa na sababu ya kudanganya. Halafu linganisha na cheti cha ubatizo kama kipo, na rejesta ya shule. Tarehe zikigongana, usichague unayoipenda. Andika zote, kila moja na mahali ilipotoka.

Bibi akikwambia mjukuu alizaliwa wakati wa palizi la uwele, mwaka ambao njaa ilikuwa kali, hayo ni maelezo ya thamani. Yaandike kwa maneno yake. Ila usiyageuze kuwa "15 Januari". Andika "mwaka haujathibitishwa", kisha msaidie mzazi kuanza safari ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kupata cheti cha kuchelewa. Anzeni mapema, msisubiri mashindano yawe wiki ijayo.

Kuna jambo la mwezi wa kuzaliwa ambalo makocha wengi hatulitazami. Makundi ya umri hukatwa tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wa mwaka mmoja wanahesabiwa rika, kumbe mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima, na katika miaka 13 mwaka mzima ni kifua, ni mbio, ni sauti nzito. Tunawachagua wa Januari tukidhani tumechagua kipaji. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alizaliwa Desemba 1992. Kwa hiyo kwenye wasifu wetu mwezi unaandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa, ili kila anayesoma "mdogo wa umbo" asome pia "wa Novemba".

Hatua ya 3: Vipimo vya mwili

Tunapima mara nne kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba, asubuhi kabla ya mazoezi. Asubuhi kwa sababu mtu hupungua urefu kidogo kadiri siku inavyokwenda, na ukimpima leo asubuhi na mwezi wa nne jioni umejichanganya mwenyewe.

Urefu: mtoto peku, visigino ukutani, macho mbele, kitabu kigumu juu ya kichwa, weka alama, pima kwa futi kamba. Pima mara mbili. Uzito: bukta na fulana nyepesi, na mtoto aitwe mmoja mmoja, si mbele ya wenzake wanaocheka. Wasichana wanapimwa na mama timu meneja, wanaume tunatoka.

Mbio: meta 30 zilizopimwa kwa futi kamba, si kwa hatua za kocha. Kila mmoja anakimbia mara tatu, unaandika muda bora. Hapa kwetu kuna upepo, na Julai na Agosti upepo huo unaweza kukupa bingwa wa bandia. Sisi huwakimbiza kwenda na kurudi, tukaandika muda wa kila upande. Andika pia kama alikuwa na njumu, raba au peku, maana muda wa mtoto aliyeazima njumu zinazombana si muda wake.

Namba hizi hazipo ili kuwapanga watoto nani mkubwa nani mdogo. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha mwendo wa kukua. Nilikuwa na kiungo mchezeshaji, mguu laini, mpira ukimfikia umelala. Kati ya Aprili na Julai akaharibika: pasi zinapotea, anajikwaa, anashika goti kila baada ya mazoezi. Niliandika "amekuwa mzito, hana bidii". Nilipokaa na daftari nikaona ameongezeka sentimita 4 katika miezi mitatu. Miguu ilikuwa mipya kwake, bado anaizoea, na maumivu yalikuwa chini kidogo ya goti, pale mfupa wa ugoko unapoanza, mahali ambapo watoto wanaokua kwa kasi na kukimbia sana huumia. Nilifuta sentensi yangu kwa mstari mmoja, iendelee kuonekana, nikaandika ya kweli pembeni. Tukampunguzia mazoezi ya kuruka na kupiga mashuti, akapelekwa zahanati. Bila vile vipimo ningemtoa kikosini.

Hatua ya 4: Mpira wenyewe

Hapa tumia muda kuliko kwingine kote.

Anza na rahisi: mguu anaoutegemea, na ule mwingine unaweza nini. "Mguu wa kulia, wa kushoto anapiga pasi fupi tu" ni taarifa. "Miguu yote" ni neno la kumfurahisha mzazi. Kisha namba aliyocheza zaidi, na nyingine aliyowahi kujaribiwa. Andika namba zetu zilizozoeleka na maelezo: namba 2, beki wa kulia, namba 6, kiungo mkabaji, namba 9, straika. Ongeza maelezo kwa sababu siku hizi "namba 8" ya kocha mmoja si ya mwingine.

Kisha mtazame kwa mechi zisizopungua nne, na katika kila mechi chagua wachezaji wawili tu wa kuwaandika. Wawili. Ukijaribu kuandika kumi na mmoja utaishia kuandika matokeo. Mpe msaidizi au mchezaji majeruhi kazi ya kuchora vistari vitanovitano daftarini. Majeruhi anaipenda kazi hii, na anajifunza kuutazama mpira kwa jicho jingine.

Swali la kuhesabu lilingane na namba ya mtoto. Kwa straika wetu tulihesabu kilichotokea kila alipopokea mpira akiwa ameipa goli mgongo. Katika mechi nne ilitokea mara 22: aligeuka nao mara 9, aliurudisha kwa wenzake mara 10, aliupoteza mara 3. Mimi siku zote nilidhani anapoteza sana. Kumbe nilikuwa nakumbuka zile tatu, kwa kuwa moja ilituletea goli. Kwa beki wa kati tunahesabu mipira ya juu aliyoiwahi na aliyopitwa. Kwa kipa, usihesabu magoli aliyofungwa peke yake, kwani yanaweza kuwa makosa ya mabeki. Tazama anasimama wapi mpira ukiwa pembeni, na akishadaka anaanzisha shambulizi kwa mkono au anabutua tu mbele.

Baada ya hapo andika sentensi. Zisizidi sita, na kila moja iwe na kitendo. Mfano wa tulichokuwa tunaandika zamani:

"Ana kasi, ana nguvu, ana nidhamu, ana kipaji kikubwa, atafika mbali."

Sentensi hiyo inamfaa mtoto yeyote duniani. Tunachoandika sasa:

"Akiwa winga wa kushoto husubiri beki aweke uzito kwenye mguu mmoja ndipo apite. Krosi zake nzuri ni za chini; za juu bado hupita nyuma ya goli. Timu ikipoteza mpira hurudi kukaba kipindi cha kwanza, kipindi cha pili hubaki mbele. Akikosea huomba mpira tena mara moja."

Mtu asiyemjua amekwisha kumwona. Na udhaifu umo, tena umeandikwa kwa namna ambayo kocha anayefuata anajua afundishe nini. Wengine wanaogopa kuandika udhaifu wakidhani wanamwangusha kijana. Kocha mgeni anayesoma wasifu usio na kasoro anaufunga, kwa kuwa amewahi kudanganywa.

Andika pia uwanja. Kwetu mpira unadunda kwenye changarawe unavyotaka wenyewe, na mtoto anayetuliza mpira hapa kwa mguso mmoja amefanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Vilevile, akipelekwa kwenye nyasi kama za Uwanja wa Jamhuri siku ya kwanza ataonekana mgeni, hivyo mwenye kumpokea ajue ametokea wapi.

Hatua ya 5: Mahudhurio, shule, majeraha

Mahudhurio yanatoka kwenye rejesta ya mazoezi. Andika siku alizokuja kati ya siku zilizokuwepo, na sababu ya kukosa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na wakati huo watoto wengi hukimbilia shamba na wazazi wao. Aliyekosa wiki tatu akilima Kongwa si mtoro. Usimchanganye na anayekosa kwa kuwa amelala.

Shule: darasa, na kama amecheza UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) au UMISSETA (ya sekondari) andika mwaka na ngazi aliyofika. Alama za mtihani hazikuhusu, usiziandike.

Majeraha: sehemu ya mwili, upande, tarehe, siku alizokaa nje. Habari nyingine za ugonjwa, mfano pumu au selimundu, ziwe kwenye karatasi yake tofauti, ndani ya bahasha iliyofungwa, ijulikane na kocha na mama timu meneja tu. Hizo haziendi kwenye wasifu wa kutoa. Namba ya simu ya mzazi ikae kwenye karatasi hiyo hiyo, na siku ya mechi ya ugenini bahasha hizo zisafiri nanyi.

Hatua ya 6: Picha na video

Picha moja ya kifua, jezi safi, ukuta mweupe nyuma, asubuhi kabla jua halijawa kali. Stesheneri yoyote mjini itaitoa kwa ukubwa wa pasipoti. Video dakika tatu zinatosha, simu ikiwa imelazwa kwa upana, imeshikwa na mtu aliyekaa juu kidogo, hata kwenye bodi ya pikapu. Usikate magoli peke yake. Weka na dakika moja isiyokatwa, watu waone anafanya nini asipokuwa na mpira.

Kwenye mitandao, tunaweka picha ya timu nzima tu. Jina kamili la mtoto, shule yake, mtaa wake na uso wake visikutane mahali pamoja ambapo mtu yeyote anaweza kuvisoma.

Hatua ya 7: Msomee mwenyewe

Karatasi ikikamilika, ukurasa mmoja mbele na nyuma, mwite kijana, kaeni kivulini, msomee sentensi kwa sentensi. Mwulize, "Hapa nimekuonea?" Mara nyingi atanyamaza. Mara nyingine atasema neno litakalokubadilisha. Beki wetu wa kulia nilimwandika kwamba hapandi mbele. Akaniambia, "Kocha, nikipanda, namba nne harudi kunifunika, na wewe unanigombeza mimi." Alikuwa sahihi. Niliandika maneno yake kwenye wasifu, nikaenda kuzungumza na namba nne. Baada ya kusoma, kijana anasaini chini, nami nasaini, na tarehe.

Hatua ya 8: Kuutunza na kuutoa

Nakala ya karatasi inakaa ndani ya bahasha, kwenye sanduku la chuma, kwa katibu wa timu. Vumbi na mchwa wa Dodoma hawana huruma na karatasi. Nakala ya pili ni picha kwenye simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la timu.

Tangu watumishi wa serikali waanze kuhamia huku kwa wingi, timu zetu zimekuwa na watoto wanaofika katikati ya mwaka na wanaoondoka ghafla mzazi akipangiwa kituo kingine. Kwa hiyo juu ya kila wasifu andika tarehe aliyojiunga na, siku ikifika, tarehe aliyoondoka. Hizi tarehe mbili zina uzito hata kisheria. Kanuni za FIFA za uhamisho hutazama malezi ya mchezaji kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12, na akiuzwa kwenda nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea mpaka mwaka anaotimiza miaka 23. Inayoweza kudai ni klabu iliyo chini ya shirikisho na yenye kumbukumbu za usajili. Timu ya mtaa isiyosajiliwa haidai kitu, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda kuuliza taratibu za usajili kwenye chama cha soka cha wilaya.

Akija mtu anayejiita wakala, usimpe karatasi uwanjani. Mwambie aandike anatoka wapi na anautaka wasifu kwa kazi gani, kisha mpeleke kwa mzazi. Akitaja Ulaya kwa mtoto wa miaka 15, fahamu kwamba FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18 isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa. Akiomba hela ya "kushughulikia viza", mwite mwenyekiti wa mtaa.

Na mtoto anapohama, mpe bahasha yake mkononi mbele ya mzazi, ikiwa na karatasi zote tangu ya kwanza, hata ile uliyokosea ukafuta. Wewe baki na nakala ya ukurasa wa juu wenye tarehe, na ufunge ukurasa wake kwenye daftari la kaunta kwa mstari mwekundu.